Jinsi Blanketi Walivyolala Sanya Juu

Mektrida alipofika darasa la sita alikuwa amekwisha kumpita baba yake kwa kimo, na mama yake, mwanamke mfupi mwenye hofu nyingi, akaanza kumsalia novena, sala za siku tisa. Hakuomba mtoto apunguzwe, maana alijua Mungu harudishi chini alichokwisha kukipandisha. Aliomba tu apatikane, huko huko Uru au hata Kibosho, kijana mmoja Mkatoliki aliye mrefu kumpita.

"Msichana wa kimo hiki ataolewa na nani?" aliwauliza majirani huku akipalilia kahawa kihambani. "Na mgomba?"

Novena zilikawia kujibiwa. Lakini shuleni kulikuwa na mtawa, Sista Salvina, aliyeuona urefu ule kwa jicho jingine. Alitafuta chuma cha mviringo kilichotoka kwenye pipa bovu, akakigongomea kwenye mti wa mringaringa nyuma ya darasa, akampa Mektrida mpira akamwambia atupe. Mektrida akatupa. Mpira ukapita katikati ya chuma bila kukigusa, kama punje inayoingia kinywani mwa kuku. Akatupa tena, ukapita tena. Sista akakunja mikono kifuani, akasema, "Haya. Kumbe hakukosea," na kila mtu aliyekuwepo akajua aliyekusudiwa ni Mungu.

Miaka ile mpira wa pete haukuwa mchezo wa kupitisha jioni. Kila kiwanda cha Moshi kilikuwa na timu yake, na kila timu ilikuwa na mtu wa kuitafutia wachezaji, akizunguka milimani kwenye sikukuu za parokia kama mnunuzi wa ng'ombe. Ndivyo Mektrida alivyoonekana. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, na alikuwa akisubiri maisha yaanze, ndipo ofisa utumishi wa kiwanda cha mablanketi cha Rau alipomwona akifunga magoli uwanja wa kanisa mpaka kipa wa upande wa pili akakaa chini. Baada ya mchezo akamwita pembeni. Hakumuuliza kama amewahi kuona mashine ya kufuma. Alimuuliza, "Ukiwa mbali unafunga?"

"Nafunga," akajibu Mektrida. "Shikamoo." Kwa woga alikuwa amesahau kuamkia mwanzoni.

Akaajiriwa. Wakamweka ukumbi wa kushonea, mahali mablanketi yalipopindwa pindo kabla ya kufungwa robota. Kazi yenyewe aliijua baadaye, taratibu, na hakuwa mbaya. Lakini kila mtu alielewa kwamba mshahara wake ulikuwa unatoka kwenye pete. Saa tisa alasiri, wenzake wakiwa bado wamezama kwenye vumbi la nyuzi, wachezaji walifungua aproni wakaenda uwanjani, na huko walikuta maziwa ya kunywa. Jina kamili la timu lilikuwa refu na lilikuwa na neno "maendeleo" ndani yake. Mjini waliiita Blanketi.

Mume alipatikana pia, ingawa novena haikusikilizwa neno kwa neno. Primus, fundi redio wa mtaa wa Njoro, alimfikia begani. Alisema hakuona tatizo, kwa kuwa tangu alipooa hakupata tena taabu ya kupandisha antena. Wakapata mtoto, wakamwita Lucky.

Katika timu ile Mektrida alikuwa mfungaji mkuu, na msaidizi wake alikuwa Shamsia. Shamsia alikuwa mzaliwa wa Njoro. Babu yake alikuja na reli kutoka Tanga, bibi yake alikuwa Mpare, na mwenyewe alisema damu yake imechanganyika kama pilau ya msibani. Alikuwa mfupi, mwepesi, na mwenye hila. Aliweza kumwangalia mtu wa kushoto huku mpira ukienda kulia. Kazi yake ilikuwa kukimbia, kuhadaa, na kuutupa mpira juu, pale ambapo mkono wa Mektrida peke yake ungefika. Kazi ya Mektrida ilikuwa kuudaka na kuutumbukiza. Walicheza hivyo miaka mingi bila kuambiana neno uwanjani, kama wapishi wawili wa jiko moja. Mwezi wa Ramadhani Mektrida alimpelekea ndizi za futari kutoka Uru, na sikukuu ya Idi sahani ya pilau ilivuka barabara na kurudi na kitu juu yake, maana sahani haikuweza kurudi tupu.

Halafu ukaja wakati wa mageuzi. Kwanza yalikuja kwenye redio, kisha kwenye mabango, na mwaka tisini na tano yakaja kiwandani yenyewe kwa miguu miwili, yamevaa suti ya rangi ya kahawia. Meneja mpya aliitwa Bwana Melkior. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye semina Arusha, na huko semina alikuwa amepata neno. Siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi getini. Hakuwaita ndugu, aliwaita mabibi na mabwana, na wazee wa kiwanda wakatazamana.

"Ugonjwa wa kiwanda hiki," alisema, "ni kugawana. Mnagawana kazi, mnagawana lawama, mnagawana hata chai. Soko huria halina mjomba! Dawa ni ushindani. Mtu ashindane na mtu, mashine ishindane na mashine. Asiyeshindana ataondoka."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa hawajajua ni nani ataondoka.

Bwana Melkior alikusudia kuivunja timu. Maziwa aliyasimamisha wiki ile ile. Ila ilitokea kwamba Blanketi walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Viwanda na Mashamba, ikawa si vizuri kuivunja timu iliyofika fainali kabla haijacheza. Akakaa akafikiri, akapata wazo lililompendeza sana. Akaja uwanjani akiwa na mwavuli, akawasimamisha wachezaji mbele ya kocha wao, Mwalimu Yoramu, aliyekuwa pia msimamizi wa rangi za nyuzi.

"Ukumbi wa kushonea unahitaji msimamizi," alisema. "Wafungaji ni wangapi?"

"Wawili, mzee," alisema Yoramu. "Mektrida na Shamsia. Kwa sheria ya mchezo hawa tu ndio wanaoruhusiwa kufunga."

"Vizuri. Wote wanatoka ukumbi wa kushonea. Basi atakayefunga magoli mengi zaidi siku ya fainali, huyo ndiye msimamizi."

Yoramu akakohoa. "Mzee, mpira wa pete unachezwa na watu saba."

"Ndiyo maana hauna tija," alisema Bwana Melkior, akafunga mwavuli wake akaenda zake.

Mektrida alifika nyumbani siku ile akamweleza Primus. Primus alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na Shamsia amesemaje?"

"Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu."

"Hapo ndipo mlipokosea," alisema Primus, akarudi kwenye redio yake.

Lakini Primus hakuwa anasimama mbele ya mashine kutwa nzima na mgongo mrefu uliopinda kwenye meza iliyotengenezwa kwa watu wafupi. Mektrida alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Habari za kupunguzwa kazini zilikuwa zimeenea mpaka jikoni, na alijiambia kwamba msimamizi ndiye atakayeondoka mwisho. Alijiambia pia kwamba hataki cheo kwa ajili yake; anataka kwa ajili ya Lucky, asome. Mtaa wa pili Shamsia, aliyeachwa na mume akiwa na watoto wawili na mama mgonjwa, alikuwa anajiambia hivyo hivyo, kwa majina mengine. Ilikuwa wiki ya watu kujitolea kwa ajili ya familia zao.

Uwanjani mambo yalianza taratibu. Jumatatu Shamsia aliupata mpira pembeni mwa nusu duara ya kufungia, na badala ya kuutupa juu akalenga mwenyewe. Ukaingia. "Najaribu tu," alisema. Jumanne Mektrida aliudaka mpira mbali na mlingoti, Shamsia akiwa chini ya pete mikono juu, akalenga mwenyewe. Ukaingia pia. Jumatano hawakutembea pamoja kurudi Njoro. Mmoja alipitia dukani, na mwingine alikumbuka kitu alichokisahau kiwandani, akangoja hapo getini bila kitu chochote mpaka mwenzake akatokomea. Shemeji ya Mektrida aliposhuka kutoka Uru na mkungu wa ndizi, Mektrida akaukata wote akapika mtori, sufuria kubwa kuliko tumbo la nyumba. Primus alikula siku ya kwanza. Siku ya pili akauliza, "Kwa Shamsia hazikwenda safari hii?" Akajibiwa kwamba ndizi zilikuwa zimeanza kuiva.

Fainali ilipangwa Sanya Juu, kwenye uwanja wa shule uliokuwa jirani na mnada. Wapinzani walikuwa wanawake wa shamba la ngano la huko, na ilikuwa mara yao ya kwanza kufika fainali ya kitu chochote. Blanketi walisafiri juu ya lori la kiwanda, wamekalia robota. Kwa kawaida safari kama ile ilikuwa ya nyimbo. Siku hiyo Flavia, mchezaji wa kati mwenye sauti ya kanisani, alianzisha wimbo mara moja, akaona sauti yake inarudi peke yake, akanyamaza akala karanga. Mektrida alikaa mbele na Shamsia akakaa nyuma, wamepeana visogo kama wake wenza kwenye sherehe ya mume.

Sanya Juu ilikuwa na upepo. Ulishuka mlimani ukapita mashambani ukaingia uwanjani umebeba vumbi na harufu ya mbuzi wa mnada. Watu waliacha kununua wakaja kutazama. Wengine walikuja na mbuzi wenyewe. Bwana Melkior aliwekewa kiti karibu na meza ya waandika magoli, akafungua mwavuli, upepo ukaugeuza nje ndani, akaukunja akaushika hivyo hivyo kwa heshima. Alikuwa amempa karani wake kazi ya kuhesabu magoli ya Mektrida mbali na ya Shamsia.

Wanawake wa ngano walicheza vibaya, ukweli usemwe. Walikuwa na nguvu lakini hawakujua pa kuzipeleka. Mipira waliyopoteza ilitosha timu mbili. Walichokuwa nacho ni mfungaji mmoja mnene, mama wa makamo, mtulivu kama mtu anayepima unga. Hakuruka. Hakukimbia. Mpira ulipomfikia, na haukumfikia mara nyingi, aliutazama, akaitazama pete, akautuma. Ukaenda.

Blanketi walitawala. Flavia aliwapita watu kama maji yanavyopita mfereji, na mpira ulifika kwenye nusu duara tena na tena na tena. Na hapo ndipo ulipofia. Mektrida akiudaka, alilenga, hata kama alikuwa ukingoni na upepo unampiga usoni. Shamsia akiudaka, alilenga, hata kama watu wawili walikuwa wamemsimamia kama ukuta wa kanisa. Mpira uligonga chuma ukarudi. Ulizunguka ukingo wa pete, ukachungulia ndani, ukabadili nia. Mara nyingine upepo uliuchukua ukaupeleka kwa wale wenye mbuzi. Bila shaka mengine yaliingia. Hawa walikuwa wafungaji hasa, si wa kubahatisha. Lakini kwa kila moja lililoingia yalipotea mawili ambayo mtoto wa darasa la tatu angeyafunga, kama tu angepewa mpira na mwenzake aliyekuwa mahali pabaya pa kulenga.

Mapumziko yalipofika, Blanketi walikuwa nyuma kwa goli moja. Flavia alitupa ganda la chungwa chini.

"Ninyi wawili," alisema, "mnajua kwamba fulana zenu zina rangi moja?"

"Mwambie mwenzangu," alisema Mektrida.

"Mwambie mwenzangu," alisema Shamsia.

Mwalimu Yoramu alizungumza kwa upole, kama mtu anayemwomba ng'ombe atoke shambani. Aliwaambia watazamane. Aliwaambia mchezo huu wameshaushinda isipokuwa kwenye ubao. Halafu akatazama upande wa meza, akamwona Bwana Melkior akimwinamia karani na kutabasamu, akaelewa kwamba maneno yake hayana uzito. "Basi chezeni," akasema.

Wakacheza. Mektrida, aliyekuwa ameingia uwanjani akifikiria mgongo wake na ada za Lucky, sasa hakuwa anafikiria hayo tena. Alikuwa anahesabu magoli ya Shamsia. Kila Shamsia alipolenga, moyo wa Mektrida uliusukuma mpira nje. Na ulipotoka nje kweli, alipata furaha ndogo, chungu, na mara moja akaionea haya, kwa sababu ubao ulikuwa unasema timu yake inafungwa. Hakujua mtu anaweza kufurahi na kufungwa kwa mpigo mmoja. Alitaka kumuuliza Shamsia kama naye anaona hivyo. Katika miaka yote ile ndiye mtu ambaye angemuuliza.

Watazamaji nao walikuwa wameona. Watu wa mnada huelewa biashara haraka. "Blanketi limechanika!" mtu mmoja akapiga kelele, na uwanja wote ukaipokea: "Limechanika! Limechanika!" Mbuzi nao wakaitikia.

Dakika za mwisho ubao ulisomeka ishirini na moja kwa ishirini, wenye ngano wako mbele. Refa alikuwa amekwisha kuiangalia saa yake mara mbili. Flavia aliupokonya mpira katikati, akapita mtu, akapita mwingine, akautupa kwa nguvu zote zilizobaki. Mektrida akaruka akaudaka, ukingoni kabisa mwa nusu duara. Walinzi wote wawili wakamrukia mbele, mikono juu, maana hata wao kufikia hapo walijua huyu hatoi. Na kupitia katikati ya mikono yao Mektrida alimwona Shamsia. Alikuwa chini ya pete. Hakuna mtu karibu naye, hata kivuli.

Mchezaji wa mpira wa pete haruhusiwi kukaa na mpira mkononi; lazima autoe upesi. Katika huo upesi Mektrida aliona kwamba akilenga na kufunga, watasawazisha na yeye atamzidi Shamsia kwa goli moja, na ukumbi wa kushonea ni wake. Aliona pia kwamba hatafunga. Upepo ulikuwa usoni, mikono ya walinzi ilikuwa machoni, na pete ilikuwa mbali kama mwaka ujao. Lakini si hilo lililomfanya atoe. Alikuwa amelenga mipira mibaya kuliko huo mchana kutwa. Alichoka tu. Alichoka kumchukia mtu ambaye kwa kweli hakumchukia. Akautoa.

Ilikuwa pasi nzuri, labda nzuri kuliko zote za siku ile, nayo ilikuwa ya kwanza. Tatizo ni kwamba Shamsia hakuwa anaitazamia. Mwanzoni mwa mchezo alikuwa akinyanyua mikono; robo ya tatu aliishusha. Sasa alipoona mpira umefika kwa Mektrida alifanya kama alivyozoea tangu mchana: aligeuka akaipa mgongo nusu duara yote, akaikabili pete, angoje mpira ugonge chuma ili audake ukirudi. Pasi ya Mektrida ikamgonga katikati ya mabega. Shamsia akageuka kwa mshangao, kama mtu aliyeguswa na jamaa aliyemdhani amekufa. Mpira ukadunda, ukavuka mstari, na refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Sanya Juu yote ikaingia uwanjani. Yule mama mnene alinyanyuliwa juu, akaomba ashushwe.

Bwana Melkior alimwita karani. Karani akasoma: Mektrida kumi, Shamsia kumi.

"Wamelingana?"

"Wamelingana, mzee."

Bwana Melkior alitazama hesabu ile kwa uchungu wa kweli. Kufungwa hakukumsumbua sana. Kilichomuuma ni kwamba ushindani ulikuwa umefanyika, tena vizuri, kwa bidii kubwa kuliko alivyotarajia, na haukuzaa mshindi. "Hamkushindana vya kutosha," aliwaambia, akaingia kwenye gari lake.

Safari ya kurudi, lori lilipofika Boma Ng'ombe, Shamsia alitoka nyuma akapita juu ya robota huku akishika mabega ya watu, akaja kukaa karibu na Mektrida. Vumbi lilikuwa limewafanya wote wawili wafanane.

"Mama Lucky," alisema Shamsia. "Kwa nini ulinipa?"

"Ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa peke yangu mchana kutwa."

Shamsia akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, na Mektrida akadhani analia, na alipojua kwamba anacheka ndipo yeye mwenyewe akaanza kulia. Flavia, aliyewatazama wote wawili, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, "Sasa mnapeana!" Akasusa mpaka Moshi.

Nafasi ya usimamizi ilijazwa wiki iliyofuata. Alipewa Julius, ndugu wa mke wa Bwana Melkior, kijana mpole aliyekuwa hajawahi kushika sindano. Kwa upande wake, ilielezwa, hakuna goli hata moja alilokosa. Timu ikavunjwa bila sherehe. Milingoti miwili iling'olewa ikapelekwa stoo, na Yoramu akaambiwa arudi kwenye rangi zake.

Kisha ushindani wenyewe ukafika, ule mkubwa, wa kweli. Mipaka ilikuwa wazi, na mablanketi yalianza kuingia kutoka nchi za mbali: laini, mepesi, yenye picha ya simba marara au ya maua makubwa, na bei ambayo Rau haikuweza hata kuiota. Ya Rau yalikuwa ya kijivu, mazito, yanayokwaruza ndevu. Yalidumu miaka thelathini, na hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake nyingine. Bwana Melkior alipanda basi mara tatu kwenda Dar es Salaam. Walioandamana naye walisema alizungumza vizuri sana huko wizarani. Aliomba kiwanda kilindwe. Alisema si haki mtu mmoja mdogo kushindanishwa na dunia nzima.

Walimwonea huruma, wakamwambia soko huria halina mjomba.

Waliopunguzwa kwanza walikuwa ukumbi wa kushonea. Mektrida na Shamsia walitoka siku moja, kwa mlango mmoja, na kila mmoja alipewa mablanketi mawili ya kijivu kama ukumbusho. Kama Mektrida alivyokuwa amekadiria, msimamizi aliondoka mwisho: Julius alibaki na funguo za ukumbi mtupu kwa mwaka mzima, akiusimamia, mpaka mwenye ghala mmoja aliponunua jengo. Siku hizi kuna robota humo tena, zimepangwa mpaka darini, na kwenye kila robota kuna picha ya simba marara.

Robota hizo ndizo Mektrida na Shamsia wanazonunua. Wazo lilikuwa la Shamsia, na Mektrida alilipinga majuma mawili kwa hoja kwamba ni usaliti. Shamsia akamuuliza ni nani wanayemsaliti, amtajie jina, aende akamwombe radhi. Mektrida alifikiri akakosa jina. Wakaanza na robota moja, wakapata meza sokoni Njoro, na kila wiki siku ya mnada wakapanda nayo Sanya Juu, kwa sababu huko ni baridi na watu wa ngano wanalipa. Shamsia ndiye mwenye maneno. Anaweza kumwuzia mtu blanketi la pili kwa kumwonyesha kwamba la kwanza litakuwa na upweke.

Wanagombana, sana. Mwanzoni waligombana kuhusu picha: Mektrida hapendi simba marara, anasema watoto wanaota vibaya, na Shamsia anasema maua hayauziki kwa wanaume. Halafu walikuja kugombana kuhusu siku. Shamsia hauzi Ijumaa adhuhuri, na Mektrida Jumapili asubuhi yuko misa ya pili, basi ikabidi kila mmoja abaki mezani peke yake mwenzake akienda kuswali au kusali. Ajabu ni kwamba meza ya Jumapili iliuza zaidi. Mektrida akalitazama jambo hilo wiki kadhaa, akaona halimpendezi, akamwambia Primus kwamba Shamsia bila shaka anawapunguzia watu bei ili aonekane hodari.

"Umemuuliza?" alisema Primus.

Mektrida alisema hajamuuliza. Primus akaweka chini bisibisi yake, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akamtazama mkewe kutoka chini kwenda juu, mwendo wote.

Mektrida akavaa viatu. Alivuka barabara, akamkuta Shamsia uani anapepeta mchele, akamuuliza wazi wazi bila hata kuketi. Shamsia hakukasirika. Alisema hapunguzi hata senti. Jumapili watu wanatoka kanisani na pesa waliyoogopa kuitoa yote kwenye sadaka, nao wanapita mbele ya meza wakiwa na aibu kidogo, na mtu mwenye aibu hununua haraka.

"Na Ijumaa?" aliuliza Mektrida.

"Ijumaa wanaotoka msikitini wanakuta umenuna," alisema Shamsia. "Keti basi, Mama Lucky. Chai iko jikoni."